Wasia wa Seli Inayokufa

Abraham Trembley hakuwa mtaalamu wa chuo chochote. Alizaliwa Geneva mwaka 1710, na alipofika miaka thelathini alikuwa mwalimu wa nyumbani kando ya mji wa The Hague, Uholanzi, akiwasomesha wana wawili wa kabaila William Bentinck. Kwenye mitaro ya shamba la Bentinck, lililoitwa Sorgvliet, aliokota majani ya majini, akayatia katika chombo cha kioo. Humo akaona vijidude vya kijani, vidogo sana, vimejishikiza kwenye kioo kwa upande mmoja, na upande wa pili vimetoa mikono myembamba inayopungapunga. Vilionekana kutulia mahali pamoja mithili ya mimea, ila vikiguswa vinajikunja. Trembley akashindwa kuamua ni mimea au ni wanyama. Akaona njia ya kukata shauri ni kuvikata vyenyewe: mnyama akigawanywa nusu kwa nusu hufa, mmea huchipua.

Novemba 1740 akakata kimoja katikati. Siku chache baadaye nusu ya chini, ambayo ilibaki kikonyo kitupu, ilikuwa imeota kichwa kipya pamoja na mikono yake. Nusu ya juu nayo ilikuwa imejikamilisha. Zote mbili zikawa zinasogea, zinakamata windo na kumeza. Jibu likawa gumu kuliko swali: ni mnyama, na bado anachipua. Trembley hakuchoka kukata. Alipasua vichwa mpaka akapata kiumbe chenye vichwa kadhaa juu ya mwili mmoja, na kwa unywele mgumu wa nguruwe mwitu aliweza kukipindua kijidude ndani nje, nacho kikaendelea kuishi. Mwaka 1743 Royal Society ya London ilimpa nishani ya Copley, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu chake. Linnaeus ndiye aliyekipa kijidude hicho jina la hidra, kwa kulikumbuka lile joka la Wayunani lililoota vichwa kila lilipokatwa.

Katika saa za mwanzo baada ya hidra kukatwa katikati, seli nyingi za nusu ya chini, palepale penye jeraha, hufa. Hazifi kwa makali ya mkasi peke yake. Hufa kwa utaratibu, na kabla hazijaisha huwapa majirani zake agizo la kuota kichwa. Trembley alikuwa na jambo hilo mkononi na hakuwa na chombo cha kuliona. Ilipita miaka 269 kabla halijaonekana, na lilionekana Geneva, mji aliozaliwa.

Vyombo vibovu ni sehemu tu ya sababu. Hadubini nzuri zilikuwapo karne nzima kabla ya hapo. Kizuizi kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba waliosoma kufa kwa seli na waliosoma kuota kwa viungo walikuwa watu wa nyumba mbili zisizotembeleana. Wa kwanza walikuwa madaktari wanaopasua maiti. Wa pili walikuwa watu wa vidimbwi, vyura na minyoo.

Mwaka 1842 Carl Vogt, Mjerumani aliyekuwa Neuchâtel nchini Uswisi, aliwachunguza viluwiluwi wa aina ya chura ambaye dume lake hubeba mayai miguuni. Akaona kwamba uti laini wa awali unaomshikilia kiluwiluwi mgongoni haugeuki kuwa mfupa. Seli zake hutoweka, na nafasi yake huchukuliwa na seli nyingine zinazojenga pingili za uti wa mgongo. Yaani kiumbe mzima wa afya, asiye na ugonjwa wala jeraha, anaua sehemu yake ili ajijenge. Vogt aliandika, watu wakasoma, maisha yakaendelea. Yeye mwenyewe alikuja kuwa rekta wa Chuo Kikuu cha Geneva, na umaarufu wake ukatokana na siasa na mabishano ya imani zaidi kuliko viluwiluwi.

Kilichofuata kilizidi kuufunga mlango. Mwaka 1858, Berlin, Rudolf Virchow alitoa mihadhara iliyoweka chanzo cha kila ugonjwa ndani ya seli. Ulikuwa ushindi mkubwa wa tiba, ila uliwafundisha madaktari wa vizazi vitano kuitazama seli iliyokufa kama ushahidi wa madhara: pamekosekana damu, pameingia sumu, pamepita kijidudu. Walther Flemming alichora mwaka 1885 seli za kifuko cha yai zikisinyaa na viini vyake kukatika vipandevipande, michoro mizuri hata leo, nayo ikaenda kabatini.

Ilya Metchnikoff alikaribia. Desemba 1882 alikuwa Messina, Sicily, familia yake imekwenda kutazama nyani wa sarakasi, yeye amebaki na hadubini. Alikuwa na mabuu wa kiti cha pweza, maangavu kiasi kwamba ndani yake kunaonekana. Akachukua miiba ya waridi kutoka kwenye bustani ndogo ya nyumba yao, mahali ulipopambwa mti wa Krismasi kwa ajili ya watoto, akaichoma chini ya ngozi ya mabuu hao. Asubuhi yake seli zinazotembea zilikuwa zimeuzingira mwiba. Hapo ndipo ilipozaliwa elimu ya seli walaji, na mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Metchnikoff aliziona seli hizo pia katika mkia wa kiluwiluwi unaoyeyuka anapogeuka chura. Alichokazia macho ni mlaji. Anayeliwa alihesabiwa kuwa chakula.

Mwaka 1956 László Révész, aliyekuwa akifanya utafiti wa saratani Stockholm, alichapisha katika jarida la Nature jambo ambalo lilipaswa kuwanyima watu usingizi. Alichukua seli za uvimbe, akaziua kwa mionzi ya eksirei, akazichanganya na seli chache zilizo hai za uvimbe huohuo, akawadunga panya. Seli hai zilizopandikizwa pamoja na wafu zilistawi vizuri kuliko zilipopandikizwa peke yake. Kwa lugha nyepesi, maiti zilikuwa zikilisha walio hai, au zikiwachochea. Jambo hilo likapewa jina lake, likaingia vitabuni kama ajabu ya maabara, na likakaa humo zaidi ya miaka hamsini. Nitalirudia.

Miaka michache baadaye, kijana mmoja daktari wa Brisbane, Australia, aitwaye John Kerr, alifika London kusomea shahada ya uzamivu. Kazi aliyopewa haikuwa ya kusisimua. Alifunga kwa uzi matawi ya mshipa unaoleta damu ya utumbo kwenye ini la panya, upande mmoja ukose damu hiyo na upande mwingine uipate yote. Pande zilizokoseshwa zikasinyaa wiki baada ya wiki. Pande zilizobaki zikanenepa kufidia. Alipokata vipande vyembamba na kuvitazama, Kerr aliona aina mbili za kifo zikikaa jirani. Aina moja aliijua kila daktari: mabaka ya seli zilizovimba, zikapasuka, zikamwaga vilivyomo na kuzusha uvimbe wenye joto pande zote. Nyingine ilikuwa ya kimya. Seli moja hapa, moja kule, zilikuwa zimejikaza na kuwa vidonge vidogo vya mviringo, utando wake mzima, na seli za jirani zilikuwa zimekwisha kuvimeza. Hapakuwa na usaha wala dalili ya vurugu.

Kerr alirudi Brisbane, na kwa hadubini ya elektroni akaendelea kuvifuata vidonge vile. Alastair Currie, profesa wa Aberdeen huko Uskoti, alipoitembelea Brisbane akatambua kwamba mwanafunzi wake Andrew Wyllie alikuwa akiona kitu hichohicho katika tezi za panya. Mwaka 1972 watatu hao walitoa makala katika British Journal of Cancer na kukipa kifo hicho jina alilowatafutia James Cormack, mwalimu wa Kiyunani wa chuo chao: apoptosisi. Makala ile sasa ni miongoni mwa zinazotajwa mno katika biolojia. Wakati ule, kwa zaidi ya miaka kumi, haikumshtua mtu.

Hapa nasimama kidogo kwa sababu ya lile ini. Katika mnyama mmoja Kerr alikuwa na upande unaokufa na upande unaoota, zikitenganishwa na sentimita chache. Ni kweli kwamba upande ule ulinenepa hasa kwa sababu damu yote ya utumbo ilielekezwa huko. Sidai kwamba wafu ndio waliounenepesha. Lakini hata swali halikuulizwa.

Heshima ilikuja kupitia mnyoo. Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston, Afrika Kusini, alimchagua mnyoo wa udongoni mwenye urefu wa milimita moja, na mwenzake John Sulston akakaa Cambridge saa kwa saa akifuatilia kila seli yake inavyogawanyika. Mnyoo huyo anapojengwa huzalisha seli za mwili 1,090, na 131 kati yake hufa, zilezile kila mara, kwa wakati uleule. Robert Horvitz na wanafunzi wake huko Massachusetts wakapata jeni zinazotoa amri hiyo, na mwaka 1993 ikabainika kwamba moja ya jeni hizo inafanana na ya binadamu. Protini zinazotokana na ukoo huo ni vimeng'enya vinavyokata protini nyingine, vinavyoitwa kaspasi. Nobel ya 2002 ilikwenda kwa Brenner, Horvitz na Sulston. Sasa kufa kulikuwa na mashine inayojulikana, na mashine inayojulikana inaweza kuzimwa au kuwashwa kwa makusudi. Ila mnyoo mwenyewe hakuwa na la kusema juu ya kupona: seli za mwili wake akishakuwa mzima hazigawanyiki tena. Ukimkata, umemkata.

Nzi wa matunda ndiye aliyezungumza. Tangu 1977 kulikuwa na kitendawili kutoka California. Watafiti Haynie na Bryant waliwapiga mabuu wa nzi kwa eksirei kiasi cha kuua kati ya asilimia 40 na 60 ya seli za kile kibonge kinachokuja kuwa bawa. Nzi walitokea na mabawa kamili, ya kipimo cha kawaida. Seli zilizosalia zilikuwa zimegawanyika mara za ziada mpaka pengo likajaa, zikaacha hapohapo.

Nani aliziambia kiasi kilichopotea? Mwaka 2004 maabara tatu zilijibu karibu kwa pamoja: ya Hermann Steller huko New York, ya Bruce Hay huko California, na ya Ginés Morata huko Madrid. Ujanja wao ulikuwa wa kutisha kidogo. Seli ikishaanza kufa huisha haraka mno kuweza kuhojiwa. Wao waliiwasha mashine ya kifo, kisha wakaipa seli protini ya kirusi cha wadudu iitwayo p35, ambayo huzuia kaspasi za mwisho zisimalize kazi. Seli ikabaki katikati, imehukumiwa na haifi. Zilizokwama hivyo zilikuwa zikitoa protini mbili mfululizo, Wingless na Dpp, zilezile ambazo mwili hutumia kuamuru bawa likue. Tishu jirani zikaumuka kupita kiasi.

Mtu makini angeweza kupinga: seli iliyokwama namna hiyo haipo porini, na ukelele wake ni wa muda mrefu kuliko wa seli inayokufa kweli. Pingamizi hilo ni la haki. Kilichohitajika kilikuwa mnyama ambaye seli zake zinakufa hasa, na ambaye anaota kiungo hasa. Mwaka 2007, Boston, Ai-Sun Tseng, Michael Levin na wenzao walikata mikia ya viluwiluwi wa chura wa Afrika mwenye kucha, kisha wakazuia kaspasi kwa dawa. Viluwiluwi waliozuiwa kaspasi ndani ya siku ya kwanza walibaki na kigutu. Mkia haukuota.

Ndipo hidra aliporudi. Brigitte Galliot na wenzake katika Chuo Kikuu cha Geneva walimkata katikati, sawa na Trembley, na mwaka 2009 wakatoa matokeo yao. Kila ukimkata unapata majeraha mawili: la nusu ya chini, litakaloota kichwa, na la nusu ya juu, litakaloota mguu. Majeraha hayo mawili yametokana na mkato mmoja, yametenganishwa na upana wa wembe. Ndani ya saa chache karibu nusu ya seli za jeraha la kichwa zilikuwa zinakufa kwa apoptosisi. Kwenye jeraha la mguu zilikuwa chache mno. Seli zinazokufa zilitoa protini iitwayo Wnt3, na zilizo jirani zikaanza kugawanyika. Walipozuia kaspasi, kichwa hakikuota. Walipoongeza Wnt3 kutoka nje, kikaota. Na walipolazimisha seli zife upande wa mguu, hidra akaota kichwa mahali ambapo palikuwa zamu ya mguu. Seli iliyo katika dakika zake za mwisho huandika wasia, na warithi huutekeleza neno kwa neno.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya wanyama wenye manyoya. Chuan-Yuan Li na wenzake, Colorado, walionyesha mnyororo wenyewe. Kaspasi namba 3 na namba 7, zikiwa katika kazi ya kuua, hukata pia kimeng'enya kingine kilichokuwa kimetulia. Hicho kikiamka hubandua asidi ya mafuta kutoka kwenye utando wa seli, na mafuta hayo hugeuzwa kuwa prostaglandini E2, kemikali ileile ambayo aspirini na ndugu zake huzuia isitengenezwe. Prostaglandini hiyo husambaa na kuziamsha seli za jirani zigawanyike. Panya waliozaliwa bila mojawapo ya kaspasi hizo walichelewa kufunga vidonda vya ngozi, na ini lao lililokatwa liliota kwa kusuasua. Chombo cha kuua na chombo cha kuponya ni kimoja.

Upande wa walaji wa Metchnikoff nao ulikuwa umesonga. Miaka ya 1990 Valerie Fadok na wenzake huko Denver walipata kwamba seli inayokufa hugeuza nje mafuta fulani ya utando ambayo kwa kawaida hufichwa ndani, na kwa alama hiyo mlaji huitambua. Mwaka 1998 wakaonyesha kwamba mlaji akishaimeza hubadilika tabia: hupunguza kemikali za kuchochea uvimbe na kutoa zile za kutuliza na kujenga. Kwa hiyo aliyedhaniwa kuwa chakula alikuwa akimpangia mlaji kazi.

Afrika Mashariki imo katika sura hii, na si kwa kupachikwa. Kwenye miamba ya Mpala, Laikipia, Kenya, wanaishi panya wadogo wenye manyoya magumu ya miiba. Ukimshika mmoja vibaya, ngozi yake inabaki mkononi mwako naye anakimbia. Mwaka 2012 Ashley Seifert, Stephen Kiama wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao walieleza katika Nature kwamba panya hao wanaweza kupoteza hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongo na kuiotesha tena pamoja na manyoya yake. Tundu la milimita 4 likitobolewa sikioni hufungika lote, na ndani yake huota upya vinyweleo na gegedu, mahali ambapo panya wa maabara hubaki na tundu lenye kovu. Wenyeji wa Laikipia wamekuwa wakiishi na panya hao siku zote; ni majarida ndiyo yaliyochelewa. Mwaka 2017 kundi la Seifert lilitumia dawa inayoua seli walaji kabla ya kutoboa masikio, na uotaji ukakwama.

Mwaka 2020 maabara ya Kodi Ravichandran ikaorodhesha molekuli ndogo ambazo seli huzitoa kwa mpango wakati wa kufa, utando wake ukiwa bado haujapasuka. Walipotengeneza mchanganyiko wa chache kati ya hizo na kuwapa panya wenye ugonjwa wa viungo, uvimbe ulipungua. Hapakuhitajika seli yoyote iliyokufa.

Sasa deni la Révész. Daktari wa saratani anapompiga mgonjwa mionzi au kumtundikia dripu ya dawa, lengo lake ni apoptosisi. Kila seli ya uvimbe inayokufa huhesabiwa kuwa ushindi. Mwaka 2011 kundi la Li lilichapisha katika Nature Medicine kwamba seli za saratani zilizouawa kwa mionzi zinatumia mnyororo uleule wa kaspasi 3 na prostaglandini, na wanaopokea agizo ni seli chache za saratani zilizonusurika. Uvimbe usio na kaspasi 3, ambao ungetarajiwa kuwa sugu, ulitii mionzi vizuri zaidi. Walipochunguza sampuli za wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo na za matiti, waliokuwa na kaspasi 3 nyingi iliyoamka ndio ambao ugonjwa uliwarudia zaidi. Daktari aliyefundishwa kuiona dalili hiyo kama habari njema ana haki ya kukuna kichwa.

Mwaka 2015 Antonina Kurtova, Keith Syson Chan na wenzao, Texas, waliifuata hoja hiyo katika saratani ya kibofu. Kemotherapia hutolewa kwa mizunguko, na kati ya mzunguko mmoja na mwingine mgonjwa hupumzishwa ili seli zake nzuri zirudi. Katika mapumziko hayo, prostaglandini E2 iliyotolewa na seli za uvimbe zilizokufa ilikuwa ikiziamsha zile ambazo dawa haikuziua, uvimbe ukajiotesha upya kwa njia ambayo kidonda hujifunga. Wakawapa panya selekoksibu, kidonge cha maumivu ya viungo kinachozuia prostaglandini hiyo, katikati ya mizunguko. Uvimbe ukaanza tena kuitii dawa.